Keki Isiyoinuliwa

"Zerafa, unanipata?"

"Sema, mkuu."

"Muhuri umeokwa ndani ya keki ya Pasaka. Mbebaji yuko mbele yako. Boti ya mnunuzi inawasha injini."

Mpelelezi Marvic Zerafa alitazama mtelemko wa mji mkongwe wa Birgu. Mbele yake? Mbele yake palikuwa na umati mtupu, na kila mkono umeshika keki ya lozi.

Muhuri ule wa dhahabu wa mji ulinusurika na mizinga ya Waturuki. Ukanusurika na mabomu ya Wajerumani. Vitu vingine vyote vya kale viliuzwa kimoja kimoja na watu walioapa kuvilinda. Huu nao ungeenda, Birgu ingebaki jina tu.

Alipapasa bastola yake ya Glock ndani ya koti.

"Anakuja! Anakuja!" watu wakapaza sauti.

Wabebaji walitokea mbio, sanamu ya Kristo Mfufuka ikiyumba mabegani. Umati ukalipuka kwa shangwe, keki zikainuliwa juu zibarikiwe. Watoto, mabibi, hata mtalii mmoja mwenye pua iliyobabuka kwa jua.

Wote.

Isipokuwa mmoja.

Mzee Wistin, mlinzi wa makumbusho, aliikumbatia yake kifuani, macho chini. Wistin, baba yake wa ubatizo.

Ee Mungu, asiwe yeye.

Marvic akapenya. Akamshika kiwiko.

"Inua, baba."

"Siwezi, mwanangu. Kuiba nimeweza. Kumpa Yeye aubariki wizi, hapana."

"Lakini kwa nini, baba?"

"Nyumba niliyopanga imeuzwa kwa wageni nami nimo ndani! Birgu kabaki nani? Mimi, wewe na paka. Na paka naye anatafuta nauli."

Marvic hakucheka. Aliivunja keki. Dhahabu ikang'aa katikati ya lozi.

"Nifunge mikono kwa mbele," mzee akanong'ona. "Nipate kufanya ishara ya msalaba."

Akamfunga pingu kwa mbele.

"Mkuu, muhuri ninao. Zuia boti."

Ving'ora vikalia gatini. Mnunuzi akashushwa botini akiwa na suti yake nyeupe, akitukana kwa lugha tatu.

"Tumemnasa!" simu ikasema. "Muhuri unakwenda kwenye sefu ya serikali, Valletta. Safi sana, Zerafa. Mji unakushukuru."

Marvic aliinua macho. Madirisha yamefungwa. Kila mlango una kisanduku cha funguo za wageni wa siku mbili.

"Mji upi?"

Akakata simu, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashuka mtelemko na Wistin taratibu, kwa mwendo wa mzee.