Kikombe cha Mama Wisam

King'ora cha kuonya makombora kililia sokoni Haifa, watu wakamiminika kwenye ngazi za handaki. Gizani Noga, pindo la gauni lake la kijani limechanika, alijikuta ameukumbatia mfuko wa mtu.

"Dada, nyanya zangu umezifanya rojo."

"Samahani. Naogopa."

"Hata mimi. Nyanya tu ndizo zilikuwa haziogopi."

Noga alicheka huku meno yakigongana. Kijana yule alikuwa Wisam, Mpalestina, fundi wa friji. Noga ni Myahudi, kaka yake askari. Wisam akamwalika kwenye kikao ambacho Wayahudi na Wapalestina huzungumza. Sheria yao moja: mtu akisema, hakatizwi. Humo mapenzi yakaota, ya kujificha, maana kaka mtu angejua, pangechimbika.

Siku alipopelekwa kwa mama Wisam, Noga alikaa kama mshitakiwa. Ukutani palikuwa na picha ya kaka yake mama, aliyepigwa risasi na askari. Kahawa ikaletwa. Hakuigusa.

Mama akamkazia macho. "Una haja gani, binti?"

"Sina haja, mama."

Kahawa ikapoa. Mama akaiondoa.

Jioni simu ikalia. "Ulidhani mama katia sumu?"

"Wisam, mpenzi..."

"Kwetu mgeni mwenye ombi haigusi kahawa mpaka akubaliwe. Hata posa tunaomba hivyo. Wewe huna ombi na hunywi? Umemtukana mama!" Akakata.

Tangu hapo hakupokea simu. Noga akamfuata kikaoni, akasimama kusema. Wisam alitaka kumkatiza, sheria ikamfunga mdomo.

"Mikono ilinitetemeka. Niliiona ile picha, nikamkumbuka kaka yangu na bunduki yake. Ningeimwaga kahawa, mama angejua namwogopa. Sumu? Mimi naogopa kukukosa, mjinga wewe!"

Wisam akainamisha kichwa. "Mjinga kweli. Twende kwa mama."

Kikombe kikawekwa mbele yake. Noga hakukigusa.

"Tena?" mama akauliza.

"Leo nina haja, mama. Nampenda mwanao. Nataka tuoane."

Mama aliitazama picha, kisha mlango, kama anayesikiliza nyayo.

"Kaka yako anajua?"

"Bado. Naogopa kumwambia."

"Watawaua, mwanangu. Wenu au wetu, sijui nani atawahi."

"Najua, mama."

Mvuke ulikuwa unapungua. Mama akasogea karibu, akamshikisha kikombe kwa mikono yake mwenyewe. Nayo ilikuwa inatetemeka.

"Kunywa," akasema, "kabla haijapoa."