Zamu ya Kumwagilia

Mtu aliyefika Lusaka, Gaborone na Durban, akajisifu kote huko kuwa ni fundi, hategemewi kuchungulia mdomo wa mpira ili ajue kwa nini hautoi kitu. Remigius alichungulia. Mbele ya wazungu wawili wa mradi wa barabara, mbele ya diwani aliyevaa suti kwenye joto la Ifakara, na mbele ya nusu ya mtaa wa Kibaoni waliokuja kuona nyasi zinavyopandwa kwa kupuliziwa, aliuinua ule mpira hadi usoni, akafumba jicho moja kama mwindaji. Kassian, kibarua wake, alikuwa ameukanyaga bila kujua. Akaondoa mguu.

Rojo lote la mbegu na rangi likaishia usoni mwa fundi. Alipofumbua macho alikuwa wa kijani kuanzia utosini hadi kwenye mkanda, na diwani alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. Remigius naye akacheka. Akawaambia wageni kwamba wakirudi baada ya wiki mbili watamkuta ameota, walete mbuzi amle. Ndivyo alivyokuwa. Aibu yake huwa anaigawa kabla watu hawajaanza kuigombania.

Mkewe Rosa alimfuta kwa kanga. Kwenye ndevu zake kilinasa kipande cha karatasi ambacho hakikupondeka. Akakibandua, akakisoma, uso ukambadilika. Akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Baba Jeni, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Kwa Mwalimu Polikarpo. Karatasi ni karatasi, Mama Jeni."

Sasa kuhusu karatasi. Kazi ile Remigius alijifunzia kwenye kingo za barabara za Botswana. Unatia kwenye tangi maji, mbegu za ukoka, mbolea, gundi, rangi ya kijani, na karatasi zilizolowekwa zikapondwa kama uji. Karatasi ndizo hushika mbegu zisichukuliwe na mvua. Mradi ulitaka uwanja wa nyasi mbele ya nyumba yao ya wageni, na kama ungependeza, angepewa kingo zote za barabara hadi Idete. Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa karatasi.

Katekista mzee, Mwalimu Polikarpo, alimwambia achukue gunia la magazeti nyuma ya mlango wa stoo ya kanisa. Lile lililo chini ya dirisha asiliguse. Remigius alikuta magazeti yameliwa na mchwa. Akabeba la dirishani.

Watu wa kule wote wanajua gunia lile lina nini. Kila Novemba familia huandika majina ya marehemu wao kwenye vikaratasi, hutia kwenye sanduku mbele ya altare, nao huombewa mwezi mzima. Kisha vikaratasi huchomwa kwenye moto wa Pasaka. Lakini Pasaka za miaka kadhaa zilinyeshewa mfululizo, moto ukawa wa kubembeleza, na majina yakabaki yakisubiri. Remigius aliyaona alipofungua gunia. Aliyasoma mawili matatu. Akamwambia Kassian kwamba marehemu hawana haraka, acha wasaidie kushika mbegu.

Na kwa kuwa karatasi tupu haikuwepo, aligeuza kikaratasi kimoja, akaandika nyuma yake zamu ya kumwagilia. Kassian asubuhi na adhuhuri. Rosa jioni. Jina lake hakuliweka, maana bosi hamwagilii. Walipokwisha kuzishika zamu kichwani, akakitupa kikaratasi ndani ya tangi pamoja na vingine.

Siku ya saba ukoka ulichomoza.

Uwanja mpya wa namna hii hulelewa kama mtoto mchanga. Maji kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Hakuna kukanyaga. Ukifika urefu wa kidole ndipo unakatwa, tena kwa makali yaliyonolewa vizuri. Remigius aliyajua hayo yote. Asichokijua ni kwa nini ukoka ule ulitoka kwa viraka. Alipulizia sawasawa, lakini nyasi zilisimama kwa mistari, kiraka na kiraka, na katikati udongo mtupu. Kila kiraka kilikuwa na urefu wa mtu aliyelala. Vingine vilikuwa vifupi. Vya watoto.

Alipulizia tena penye upara. Hapakuota kitu.

Kassian ndiye aliyesikia kwanza. Jua la saa saba, barabara haina mtu, anamwagilia. Maji yalipogusa kiraka, udongo ukameza. Haukunyonya kama udongo unavyonyonya. Ulimeza, funda kwa funda, kama mtu aliyetoka kulima. Akahamia kiraka cha pili. Kikameza. Alipomaliza mstari, nyuma yake kitu kikashusha pumzi.

Alimweleza Remigius kwa kunong'ona. Remigius akamtania kuwa labda nao wanataka togwa. Wiki hiyohiyo, penye udongo mtupu karibu na ua, kiraka kingine kikaanza kuota. Hicho hakikuchomoza chote mara moja. Kilianzia upande mmoja, kikawa kinapanda taratibu.

Siku hiyo Kassian alilalamika kwamba nyayo zake zimekufa ganzi.

Ukoka ukapanda shibiri moja. Ganzi ikafika magotini. Ukapanda tena, ikafika kiunoni. Hospitali walimpima damu, choo, makohozi, wakamrudisha. Jumapili asubuhi kiraka kilifunga juu, kikawa kizima. Kassian alizikwa Jumatatu.

Waliporudi kutoka kuzika, Remigius alipitia uwanjani. Pembeni ya kiraka cha Kassian, chini kabisa, majani matano ya kijani yalikuwa yametoka.

Alikimbia nyumbani. Rosa alikuwa amekaa kwenye mkeka, anasugua nyayo.

"Zimekuwa baridi," alisema. "Ni kikaratasi chako cha zamu, sivyo?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kuchekesha.

Alichukua mundu, akarudi, akapiga magoti, akakata konzi moja ya majani yale. Hayakuwa na uzito wa majani. Kabla hajasimama jirani alikuwa anamwita kutoka barabarani. Alipofika nyumbani alikuta shuka ya Rosa imelowa damu miguuni. Hapakuwa na kidonda.

Akaamua kuuacha uwanja ukauke. Siku ya kwanza Rosa alikunywa mtungi mzima. Siku ya pili alikunywa ndoo mbili na midomo ilimpasuka, ulimi ukawa kama kipande cha gome. Siku hiyohiyo akina mama wanne kutoka Idete walifika kwa Mwalimu Polikarpo. Wote waliota jambo moja: wazee wao waliokufa wamesimama mlangoni, wameshika bakuli tupu.

Remigius akamwendea katekista, akaungama yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Alisema gunia lile aliomba lisiguswe, basi. Alikuja na maji ya baraka, akasali tangu ua hadi ua. Udongo ukayameza na maji yale.

Ikabaki hivi. Akimwagilia, ukoka unapanda. Asipomwagilia, Rosa anakauka. Aliyepita mito minne ya Afrika akitafuta riziki sasa alibaki na keni moja ya kumwagilia mkononi, anapima. Nusu keni asubuhi. Nusu adhuhuri. Nusu jioni. Alimwagilia kama anayemlisha mgonjwa kwa kijiko, na kila jioni alipima kwa kijiti. Magoti. Kiuno. Kifua.

Rosa hakumlaumu. Usiku mmoja tu alimwambia, "Ulipopotea miaka sita bila barua, watu waliniambia nikubali."

"Ukakubali?"

Akageukia ukutani.

Kiraka kilifunga juu Ijumaa, saa tisa mchana. Remigius alikuwa amesimama pale, keni mkononi. Hakuhitaji kuitwa.

Mzungu wa mradi alirudi kutoka likizo, akaupiga picha uwanja. Alisema mistari ile ni ubunifu ambao hajauona popote. Akampa Remigius kingo zote hadi Idete. Remigius alikataa. Akaomba abaki na huu tu.

Baada ya arobaini, dada wa marehemu walikuja kugawana nguo. Remigius aliomba kanga moja, ile yenye doa la kijani ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Kwenye pindo palikuwa na fundo. Akalifungua.

Kikaratasi. Maandishi ya penseli, mwandiko wa Rosa. *Marehemu Remigius, mume wangu. Alipotelea safarini.*

Kilikuwa kwenye gunia tangu miaka ile ya kimya. Kilipita kwenye tangi, kikatoka kwenye mpira, kikamnasa mwenyewe ndevuni, na mkewe akakitoa kabla hakijagusa udongo. Hakusema. Siku zote zile alikibeba kiunoni.

Juu ya jina, kwenye karatasi kavu iliyofungwa gizani, jani moja la ukoka lilikuwa limeota.

Alikwenda nalo kwa Polikarpo, amelishika kwa viganja viwili kama kifaranga. Mzee alikuwa anafagia mbele ya kanisa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Polikarpo aliliangalia lile jani, akaendelea kufagia. Remigius akamweleza kwamba pembeni ya Rosa pamebaki upara, nafasi ya mtu mmoja. Alipulizia mara tatu, hapaoti. Sasa anajua panamsubiri nani. Anaomba ruhusa tu akakipande kikaratasi hiki jioni ya leo, akalale karibu na mkewe, yaishe.

"Ukilala wewe," mzee akasema, "nani atawamwagilia?"