Damu ya Panyin

Maiti ya Ataa Kakra Frimpong ilikuwa bado kitandani, wodi ya wazazi, Inspekta Serwaa Amponsem alipoingia. Mfuko wa damu ulining'inia juu yake, umebaki nusu. Ulikuwa umeandikwa herufi moja kubwa: A.

"Marehemu alikuwa kundi gani?"

"O," alijibu daktari wa polisi akivua glavu. "Kujifungua hakukumuua. Damu hii ndiyo iliyomuua."

Chumba cha pili mtoto mchanga alikuwa analia.

Dakta Ofosuhene, mkurugenzi wa kliniki ile ya binafsi hapa Kumasi, alikuwa ameshampata mkosaji. Alimpeleka Serwaa kwenye kompyuta. Skrini ilionyesha jina la marehemu na kundi lake: O.

"Mashine ilimwambia O, nesi akachukua A. Uzembe mtupu."

Nesi mwenyewe, Afriyie, alikuwa ameketi sakafuni kwenye ukumbi, sare yake ina damu hadi magotini.

"Niliona A, Madam," alisema. "Macho yangu haya yaliona A."

"Kwa nini hukuipima kwanza?"

"Tulikatazwa. Tangu mfumo huu uletwe, mkurugenzi anasema kupima tena ni kupoteza muda. Mama wa watu anavuja damu mbele yangu. Nikabonyeza jina, ikatoka A, nikakimbia."

"Anasema uongo," alisema Ofosuhene. "Kompyuta ina ugomvi gani na mtu?"

Ushahidi wote ulimwelekea Afriyie. Serwaa alimpeleka mahabusu kwa kosa la kuua bila kukusudia, na akajichukia njia nzima.

Mchana alikwenda na Konstebo Twum nyumbani kwa marehemu, mtaa wa Bantama. Wanawake wenye nguo nyekundu na nyeusi za msiba walikuwa wamejaa uani. Katikati yao aliketi mtu mwenye uso uleule aliouacha wodini. Serwaa alisita mlangoni.

"Usiogope, Madam," alisema yule mwanamke. "Mimi ni Panyin, pacha wake. Mimi ndiye mkubwa."

Serwaa aliketi karibu naye na kumpa pole. Kisha akauliza kama kliniki ile iliwahi kuwakosea.

"Mbona wanatuchanganya kila siku? Juzi nimekwenda na malaria yangu, binti wa mapokezi ananiuliza mimba inaendeleaje. Nikamwambia, mwanangu, hili ni tumbo la kushiba fufu. Kakra nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta." Mwanamke wa pembeni alimshika mkono.

"Wewe ni kundi gani la damu?"

"A. Yeye O. Sisi si pacha wa yai moja; ndani hatukufanana."

Garini Twum alikuna kichwa. "Lakini afande, skrini inasema O."

"Inasema O sasa. Asubuhi ilisema nini? Kama kuna aliyeitengeneza, aliitengeneza kwa haraka, na mwenye haraka husafisha pale tu anapojua tutatazama."

Walirudi kliniki. Serwaa alimwambia binti wa mapokezi atafute wagonjwa wote wenye jina la Panyin, jina la kila pacha mkubwa. Walijaa skrini nzima. Kisha akamwambia atafute Kakra, jina la kila pacha mdogo.

Alitokea mmoja tu. Yule aliyekufa.

"Kumasi hii?" alisema Twum. "Mapacha wote wamezaliwa nusu? Mama yangu mdogo ni Kakra, na anatibiwa hapahapa."

Wakamtafuta mama mdogo huyo kwa namba yake ya simu. Lilitoka jina la pacha wake mkubwa, Panyin, na kundi la damu la dada yake.

Mchunguzi wa makosa ya mtandao hakuchelewa kupata yaliyobaki. Asubuhi ile, kabla polisi hawajaitwa, mtu aliingia kwenye mfumo akiwa nje ya kliniki, akalitenga jina la marehemu kutoka la pacha wake na kuandika O. Ufunguo wa kuingilia uliotumika ni wa Nana Yaw Dwamena, mkandarasi aliyeuza mfumo.

"Kwa nini funguo zenu anazo mkandarasi?" Serwaa alimwuliza Ofosuhene.

"Yeye ndiye aliyejenga."

"Fundi aliyekujengea nyumba, ulimwachia ufunguo wa chumba cha kulala?"

Mkurugenzi alitazama kucha zake.

"Asubuhi ulimpigia?"

"Nilimwuliza tu kama kuna tatizo. Nikamtajia kundi la marehemu. Akasema nimpe dakika chache niite polisi baadaye."

"Ukampa."

"Nikampa."

Dwamena alikuja kituoni na shati lililopigwa pasi vizuri na simu mbili mkononi. Twum alizichukua zote mbili.

"Nimefanya kazi nyingi kubwa, dada yangu."

"Mimi si dada yako. Mfumo huu uliuandika mwenyewe?"

"Niliusimamia."

"Aliuandika nani?"

"Kijana mmoja wa mtandaoni."

"Anaitwa nani?"

"Kwenye akaunti yake ana picha ya mwewe tu. Jina hatukufikia."

"Yuko nchi gani?"

"Sikuuliza. Bei yake ilikuwa nzuri."

Serwaa aliweka kalamu chini. Magonjwa ya mji mzima, mimba zake, damu zake, vyote vilikabidhiwa kwa picha ya ndege.

Twum alisoma ujumbe kutoka kwenye simu. Kijana alikuwa ameandika: Kuna watu wengi wenye ukoo mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, anwani moja, jina moja tu ndilo tofauti. Je, ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili? Dwamena alijibu: Ndiyo. Unganisha wote. Nataka kazi Ijumaa.

"Wewe ni mtu wa wapi?" aliuliza Serwaa.

"Mampong, hapahapa Ashanti."

"Panyin ni nani?"

"Pacha mkubwa."

"Na Kakra?"

"Mdogo."

"Mgeni asiyetujua aliona kuna kitu, akauliza. Wewe Mwashanti ndiye uliyemjibu."

"Sikusoma, Madam. Nilikuwa mazishini, ngoma zinapigwa. Niliona swali refu, nikajibu."

"Leo asubuhi ulisoma?"

Dwamena alijibu kwa sauti ndogo.

"Nilisoma. Nikaona nilichofanya. Hospitali mbili zilikuwa karibu kunipa kazi, na hii ingeniharibia. Nikasema nikimtenga huyu mmoja, itaonekana ni nesi."

"Nesi ungemfunga jela."

"Nilidhani angepata wakili."

"Na mapacha wengine? Mbona uliwaacha?"

"Siwezi kuwatenga. Kumbukumbu za mwanzo anazo yule kijana. Hajibu tena."

Serwaa alimsogezea kalamu. "Andika yote hayo. Na safari hii usome kabla ya kutia sahihi."

Ofosuhene naye aliandikiwa mashtaka ya kuficha ushahidi. Kisha Serwaa alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu.

"Uko huru, sista. Mashine ilisema A. Twum atakupeleka nyumbani."

Afriyie alisimama, sare imekauka na kukakamaa. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja.

"Wale Kakra wengine," aliuliza. "Kuna aliyewaambia?"

"Bado."

"Wapo wenye mimba, Madam. Nawajua kwa sura." Alikuwa ameshaanza kutembea. "Konstebo, nipeleke kliniki."