Lulu Katika Kibuyu cha Zenaida

Ninyi mnaomjua Zenaida wa leo, mama mwenye miwani na kicheko cha kutikisa meza, mmechelewa. Mngemwona Jumamosi za enzi zile, hapa hapa soko kuu la Oaxaca: blauzi nyeupe iliyodariziwa maua, utepe mwekundu kwenye nywele, mikono imezama hadi viwiko katika beseni la tejate. Tulikuwa tunakunywa kile kinywaji chake cha mahindi na kakao hata kiu hatuna.

Basi siku hiyo Celerino alikuja na dumu la mezkali, ile pombe kali ya mkonge, begani, anawakwepa wapagazi, akaligonga beseni. Povu likamrukia Zenaida hadi kwenye nyusi.

"We kaka, huko kwenu milimani hakuna barabara?"

"Zipo, bibie. Hazina mtu wa kugongana naye, ndiyo shida."

Sisi wa meza za jirani tukaguna kwa raha. Zenaida akamchotea tejate katika kibuyu chake chekundu, akijifanya amenuna. Celerino akalipuliza lile povu jeupe juu.

"Mbona halizami?"

"Mafuta ya kakao hayo. Mepesi kuliko maji. Uyakoroge uchoke, yatarudi juu tu, kama wanaume wenye maneno mengi."

Celerino akacheka, akachukua unyasi wake wenye uwazi ndani, akavuta mezkali kidogo na kuiachia kwa mchirizi mwembamba kwenye kikombe changu. Viputo vikajipanga ukingoni, vinang'aa, havipasuki.

"Tunaziita lulu. Kila kinachomiminika kina ngozi yake, bibie. Ukizidisha maji kwenye mezkali, ngozi inakosa nguvu, lulu zinakufa papo hapo."

"Na ngozi yako wewe?"

"Ya kwangu imetoboka tangu nilipogonga beseni."

Mapenzi yakaanza. Kijijini kwao simu ilikuwa moja tu, dukani, na mwenye duka alimwita mtu kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa. "Celerino! Yule wako wa tejate anapiga tena! Jamani, ana sauti tamu!" Kijiji kizima kikawa kinajua.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Namimina asali ya mkonge. Nzito, inatambaa, haitaki kushuka."

"Kama wewe na posa."

"Nakuja, roho yangu. Kitu kizito hakikimbii, lakini hufika."

Akafika kweli, na mikate, chokoleti, dumu la mezkali aliyoipika kwa mkono wake, na batamzinga mzima mwenye utepe shingoni. Zenaida alilelewa na mjomba wake Tiburcio, mzee wa masharubu na wa mila. Na mila yetu mnaijua: mezkali ya posa hutolewa lulu mbele ya wote. Isipotoa, mposaji amewadharau wenye binti.

"Leteni kibuyu," mjomba akasema.

Zenaida, kwa mapenzi yake, akaleta kile chekundu, kile alichomnyweshea Celerino siku ya kwanza. Alikuwa amekisuuza kwa maji. Celerino akaachia mchirizi. Lulu zikatokea, zikapotea. Akarudia. Zikapotea tena.

"Kijana," mjomba akasema, "kisima tunacho. Hukuwa na haja ya kutubebea maji."

Watu wakacheka. Celerino akamgeukia Zenaida. Binti wa watu alikuwa mwekundu kama kibuyu chake.

"Kwa nini, Celerino?"

Heri Zenaida angenyamaza tu. Swali lile lilimchoma kuliko kicheko cha ukumbi mzima. Akabeba dumu lake, akatoka. Batamzinga akabaki.

Zenaida alipiga simu mpaka akachoka. Kipaza sauti kiliita, jibu likaja kwa mdomo wa mwenye duka: "Anasema yeye muuza maji, utafute muuza mezkali." Mvua zikaja, zikaisha. Tejate yake ikawa haina ladha, ingawa sote tulimdanganya kwamba ni tamu.

Sasa sikilizeni. Siku moja nilikuwa na mafua. Nikatoa chupa niliyoificha tangu zamani, mezkali ya Celerino yule yule, nikamimina kwenye kikombe. Lulu zikasimama.

"Nimiminie na mimi, shoga," Zenaida akasema, akanyoosha kibuyu chekundu.

Nikammiminia. Lulu zikafa zote.

Tukatazamana. Chupa moja! Zenaida akapitisha kidole ndani ya kibuyu, akakisugua na kidole gumba. Kikateleza.

"Mafuta ya kakao," akasema polepole. "Shoga, mafuta ndiyo yanayotoboa ngozi. Nimemuua mwenyewe!"

Akakimbilia kibanda cha simu na aproni yake, mimi nyuma, beseni tukaliacha kwa Mungu.

"Mama, usimwite," alimwambia mwenye duka. "Weka simu kwenye kipaza sauti. Aliaibishwa mbele za watu, na mimi nitasema mbele za watu." Akavuta pumzi. "Celerino! Mezkali yako ilikuwa safi. Kibuyu changu kilikuwa na mafuta. Na kosa langu kubwa zaidi, nilikuuliza swali badala ya kusimama upande wako."

 Mbwa wakabweka huko milimani. Halafu sauti ya mtu anayehema:

"Batamzinga wangu mmemla?"

"Amenenepa. Mjomba kampa jina lako."

"Asichinjwe mpaka nije. Nakuja na kibuyu changu."

Alipokuja, mjomba Tiburcio alitaka kuona kwa macho yake. Kibuyu chekundu: lulu zikafa. Kibuyu kipya: zikazunguka ukingo mzima, zikakaa, tukasahau kupumua. Mzee akakichukua kibuyu kile. Alimpa Celerino anywe wa kwanza, heshima ambayo kwetu hapewi mposaji.

Mjomba ametutoka sasa, na kwenye kibanda cha simu panauzwa viatu. Lakini mtaani kwetu mposaji huja na kibuyu chake kwapani. Mwezi uliopita alikuja kijana wa kumposa binti wa Zenaida na Celerino. Celerino, kichwa cheupe, akakipokea kile kibuyu, akapitisha kidole ndani, akakisugua na kidole gumba, kisha akamtazama Zenaida upande wa pili wa ukumbi. Zenaida alikuwa tayari ameziba uso kwa shali, mabega yanatikisika, na hadi leo sijui alikuwa analia au anacheka.