Kiti Kilichogeukia Ukuta

Asubuhi hiyo Emerensiana alifungua makumbusho kama kawaida. Mvua ya Kyela, isiyojua kuaga, ilikuwa imetulia kidogo, na harufu ya kakao iliyoanikwa iliingia dirishani. Jengo lilikuwa la halmashauri. Kuliendesha ilikuwa kazi ya shirika dogo lililomwajiri yeye, mzaliwa wa Bukoba. Walielewana vizuri mpaka madiwani walipoanza kunung'unika kwamba makumbusho yamelala. Ijumaa wangekuja wenyewe kuona. Wasiporidhika, mkataba haungeongezwa, na wote wangerudi makwao.

Kwa hiyo alikuwa ametengeneza chumba kipya cha maisha ya Kinyakyusa: mkeka, vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, na katikati kiti cha mianzi cha mzee mmoja marehemu wa Bujonde, kilicholetwa na wanawe kwa moyo mweupe. Jana alikiacha kikitazama mlango. Leo kilikuwa kimegeukia ukuta.

"Dickson!" alimwita mlinzi. "Nani kaingia humu?"

"Hakuna, mama. Funguo si unalala nazo wewe?"

Akakigeuza, akaenda kumimina chai. Kisa, mwongoza wageni, akaingia kazini. "Ugonile, dada," alisalimu, kisha akapita mbele ya chumba kile mbiombio, uso kaufunika kwa kitenge. Emerensiana aliporudi na kikombe chake, kiti kilikuwa kimegeukia ukuta tena. Sakafuni hapakuwa na alama ya kuburutwa.

Kisa alimvuta pembeni. "Dada, kile ni cha baba mkwe wangu," alinong'ona.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Jina lake silitamki. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akija njia hii, mimi naingia migombani. Yeye naye anageuka. Ndiyo heshima."

"Lakini alishakufa, Kisa."

"Kafa yeye, dada. Mwiko haujafa."

Emerensiana alicheka, ingawa nywele zilimsisimka. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Huyu mgeni wetu wa Bukoba alikuja kutufundisha mwiko unaishia wapi! Alimwambia Kisa kwamba Ijumaa ni yeye atakayewaeleza madiwani habari za kiti hicho, maana mwongozaji mwingine hakuna. Kisa alikuwa na mume, Jackson, ambaye mpunga wake ulisombwa na mafuriko, na binti mdogo, Asifiwe, wa kulishwa. Angekataa kwa mdomo upi? Akainamisha kichwa, akaitikia.

Ijumaa madiwani walijaa chumbani na matope yao. Mvua ilipiga bati hadi watu wakawa wanasemeshana masikioni. Kisa alisimama kizingitini, kitenge usoni, neno halimtoki. Emerensiana alimwona mwenyekiti akitazama saa, akauona mkataba ukimponyoka. Akamshika Kisa mkono, akamvuta, akamkalisha kwenye kiti na kumfunua uso.

"Tulia hapo wakupige picha," alimnong'oneza. "Mara moja tu."

Mvua ikakatika.

Kiti kikageuka. Taratibu. Kisa juu yake, miguu yake haigusi sakafu.

Madiwani wakapiga makofi. Walidhani ni igizo. "Safi sana!" mwenyekiti alisema. Emerensiana, akiwa bado na tabasamu la kuwaridhisha wakubwa, alizunguka ili amtazame Kisa.

Akaganda.

Mikono ya Kisa ilikuwa magotini. Yote miwili. Lakini macho yake yalikuwa yamefunikwa kwa kiganja. Kiganja kikavu, cha mzee, chenye kucha nene za mtu aliyelima maisha yake yote. Kilimziba kwa upole. Mkono wenye kiganja hicho ulitokea ukutani.

Emerensiana alipepesa macho. Hakuona kitu tena. Kisa aliinuka na kutoka nje, na mvua ikaanza upya.

Mkataba uliongezwa wiki ile ile. Kisa hakurudi kazini. Roho ilimsuta Emerensiana mpaka akapanda bodaboda kwenda Bujonde kumwona. Hospitali walikuwa wameshasema macho ni mazima, na kweli, Kisa alimwona tangu mbali akishuka kwenye pikipiki. Ila kwenye kope zake palikuwa na alama nyeupe za vidole, ambazo hazikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta.

"Ndaga, dada, kwa kuja," alisema, akamsogezea kigoda. "Mimi niko peke yangu tu. Jackson hajarudi tangu Ijumaa."

Jackson alikuwa ameketi ubavuni mwake, bega kwa bega, akilia. Bujonde nzima husema kafanana na marehemu baba yake kama kumi na kumi. Asifiwe, aliyerithi uso ule ule, alikuwa kamkumbatia mama yake shingoni, akimwita sikioni. Mama! Mama! Sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

Kisa alimsogelea Emerensiana.

"Dada," alinong'ona, "huko njiani hukumwona mwanangu?"