Mkanda Uliozama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mitchel alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akamfunga mbwa wake, Soja, kwenye mpera. Hapo kijijini Khayega watu wengi hufunga mbwa mchana na kumwachilia usiku ili awe mkali. Mitchel alimlea Soja tangu akiwa mdogo, na aliringa naye kijiji kizima.

Mkanda wa kifuani alimtengenezea mwenyewe, kwa blada, ile mipira ambayo watu wa bodaboda hufungia mizigo. Aliipitisha shingoni na chini ya makwapa, akakaza mafundo kwelikweli.

"Si umlegezee kidogo?" nyanya yake, ambaye walimwita kukhu, alimwambia siku ile.

"Aa, kukhu! Blada hunyumbuka. Soja akikua, nayo itakua naye."

Upuuzi ulioje! Blada hunyumbuka, ndiyo, lakini haiachi kubana. Soja alinenepa, manyoya yakaufunika mkanda, na Mitchel hakuutazama tena.

Kisha uwanja ukaanza kunuka. Ptuu! Haukuwa mnuko wa choo wala wa kuku. Ulikuwa uvundo wa nyama iliyooza, ule unaokukaa kooni hata ukinywa maji. Mitchel alitafuta panya aliyekufa nyuma ya ghala, akamkosa. Alipoinama kumpa Soja ugali, inzi walimrukia usoni. Mbwa hakugusa chakula. Mitchel akafunua manyoya ya kwapani.

Mama yangu! Blada ilikuwa imezama ndani ya nyama. Usaha ulitiririka, na humo funza weupe walikuwa wakijipindapinda. Mitchel alitapika chai yote.

Mjomba wake, Khisa, alifika akiwa ameziba pua kwa koti. "Aisee, huyu amekwisha. Nitamtia kwenye gunia nikamtupe mbali."

"Usimtupe, mjomba! Tafadhali, mwite daktari wa mifugo!"

"Na nani atamshika akitolewa hao funza? Mimi? Thubutu!"

"Nitamshika mimi," Mitchel akasema, huku akifuta mdomo.

Daktari Jepkemboi alikuja, akamfunga Soja mdomo kwa kitambaa, akamdunga sindano ya kutuliza maumivu. "Shika kichwa, usikiachilie," akamwambia Mitchel. Alipoikata blada na kuivuta, ilitoka na ngozi. Funza wakadondoka kwenye viatu vya Mitchel. Machozi yalimtoka, lakini hakukiachilia kile kichwa.

Kidonda kilipopona, kukhu alimpeleka Mitchel kwenye duka la dawa za mifugo ambako daktari aliuza mikanda. Mitchel akakimbilia mkanda mwembamba mwekundu wenye njuga.

"Huo ni wa nani?" daktari akauliza. "Wako au wa Soja?"

Mitchel akaurudisha. Daktari akampa mwingine wa kitambaa kipana, laini, wenye vifungo vya kulegeza. Ulikuwa wa kijivu, hauna uzuri wowote. "Vidole vyako viwili vipite chini yake bila kulazimisha," akaeleza. "Na mkanda usimguse kwapani akitembea."

Nyumbani, Soja alipouona tu mkanda alilala chini akajikojolea kwa hofu. Mitchel aliona aibu. Alichuchumaa hapo hapo kwenye mkojo, akamngoja mpaka mbwa akaja mwenyewe. Akamvisha, akapima kwa vidole viwili, akalegeza, akapima tena.

Kukhu alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. "Ulimpenda, hilo sikatai," akasema. "Lakini ulipenda watu wamwone, na wewe mwenyewe hukumwona. Mnyama hana maneno ya kukuambia anaumia. Huyu alikuambia kwa kuoza. Sasa umguse kila asubuhi, kila mahali mkanda unapopita, hata siku utakayochelewa shuleni. Usingoje tena anuke."