Shamba Namba 47 Limevuka Mto

Mokami alikuwa uani akipukuchua mahindi wakati mume wake, Mogesi, aliporudi kutoka ofisi ya kijiji. Mogesi hakusalimia. Alivua kofia, akaivaa tena, kisha akakaa juu ya gunia.

"Baba Irine, una nini?" Mokami aliuliza.

"Shamba letu limehama."

"Limehamia wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Liko hifadhini, pamoja na nyumbu."

Mokami alimtazama vizuri. Ilikuwa saa nne asubuhi, na Mogesi si mtu wa pombe. Basi aliacha mahindi, akanawa mikono, wakaenda wote kuangalia.

Familia hii inaishi kata ya Machochwe, wilaya ya Serengeti. Shamba lao lina ekari saba. Wanalima mahindi, mtama na mihogo, na wana ng'ombe sita. Upande wa kusini kuna mto mdogo. Ng'ambo ya mto ni hifadhi, na huko haruhusiwi mtu kulima wala kuchunga. Shamba waliachiwa na baba yake Mogesi. Mpaka wake ni mikonge aliyoipanda mzee huyo kwa mikono yake, na hakuna aliyewahi kuubishia.

Miezi mitatu nyuma, mradi mmoja wa kupima ardhi ulifika kijijini. Kila familia ilitakiwa ipimiwe shamba lake ili ipate hati ya kimila ya kumiliki ardhi. Vijana wa mradi walizunguka mashamba yote, wakaandika namba, wakaondoka. Sasa ramani ilikuwa tayari, imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi.

Ilikuwa picha kubwa iliyopigwa kutoka angani. Miti ilionekana, njia zilionekana, na mabati ya nyumba pia. Juu ya picha ilichorwa mistari myekundu, na kila shamba lilikuwa na namba yake. La kwao lilikuwa namba 47.

Mokami alitafuta bati la nyumba yake. Akaliona, na zizi la ng'ombe akaliona. Lakini vyote viwili vilikuwa ndani ya mistari ya namba 46, na namba 46 ni ya Waitara, jirani yao wa kaskazini. Namba 47 ilikuwa kusini mwa mto, katikati ya pori tupu.

"Mtendaji, hii ni nini?" alimuuliza Heche, mtendaji wa kijiji.

Heche alikuna kichwa. "Mama Irine, hata mimi sielewi. Nimeambiwa kuna siku kumi na nne za pingamizi. Zikipita, mashamba yanayoonekana hifadhini yataondolewa kwenye orodha. Hayatapata hati."

"Na sisi tutaishi wapi?"

"Hilo sikuambiwa."

Mokami aliogopa sana. Alikuwa amezaa watoto wanne pale, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Njiani Mogesi alizungumza peke yake. "Nyumba ni bati lile lile. Mto uko pale pale. Shamba limevukaje?" Walipofika nyumbani alisema, "Labda Waitara amewapa wale vijana kitu kidogo."

"Waitara?" Mokami alisema. "Waitara hata chumvi anaazima kwetu."

Usiku huo Mogesi hakulala vizuri. Asubuhi alikuwa amepata dawa, na dawa yenyewe ilikuwa balaa. Alichukua jembe na sururu, akaenda kwenye mpaka wa kaskazini, akaanza kung'oa mikonge ya baba yake.

Mokami alimkuta ameshang'oa saba.

"Unafanya nini?"

"Ramani imetusukuma kusini," Mogesi alisema, anahema. "Nimekadiria kama mita mia tatu. Basi na sisi tuusogeze mpaka mita mia tatu kaskazini. Wakija kupima tena, ramani itatusukuma kusini, na tutaangukia hapa hapa kwetu."

Mokami alifikiria maneno hayo. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, aliyaona yana akili. Kisha aliinua macho, akaona kaskazini kuna nini. Kulikuwa na mahindi ya Waitara, na Waitara mwenyewe alikuwa anakuja katikati ya mahindi hayo, ana fimbo ya kuchungia mkononi.

"Mogesi," Waitara alisema, "unalima kwangu?"

"Nasogeza mpaka."

"Kwa ruhusa ya nani, mura, ndugu yangu?"

"Ya ramani. Si wewe umeandikwa nyumbani kwangu?"

"Nimeona. Nimeona pia kwangu kumeandikwa namba ya mtu mwingine. Mimi sikuomba." Waitara aliegemea fimbo. "Sasa sikiliza. Ramani imenihamishia kwako. Wewe unataka kuhamia kwangu. Kwa nini tusibadilishane nyumba tu, tukanyamaza? Lakini yule ng'ombe wako mwenye teke, nenda naye."

Mogesi hakucheka. Alishika sururu vizuri. Waitara naye aliacha kuegemea fimbo yake. Walikuwa marafiki tangu utotoni, na sasa kila mmoja alikuwa ameshika kitu cha kumuumiza mwenzake.

Mokami alisimama katikati yao. "Baba Irine, weka chini hiyo sururu. Waitara, shemeji yangu, nakuomba. Heche amesema Alhamisi anakuja binti wa ramani kutoka Mugumu, kusikiliza pingamizi. Nitakwenda kumuuliza mimi. Mpaka Alhamisi, mtu asiguse mkonge."

Waitara aliitazama mikonge saba iliyolala chini. Aligeuka, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, Mokami alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Binti wa ramani aliitwa Agustina. Alikuja kwa pikipiki, kompyuta yake kwenye begi la mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Shamba langu limevuka mto."

Agustina hakucheka. Alifungua kompyuta, akamwonyesha ramani ile ile ya ukutani.

"Kwanza tuangalie kama limehama lako peke yake," alisema. "Mtu akiandika namba moja vibaya, linahama shamba moja. Akisahau alama ya kutoa mbele ya namba, shamba linavuka Ikweta, unalikuta Uganda. Lako limekwenda karibu tu."

Walikagua shamba moja moja. Mokami alitaja alama anazozijua: nyumba ya Waitara, kanisa, josho la ng'ombe. Agustina alipima kwenye kompyuta. Shamba la 47 lilikuwa limehama mita mia tatu na kumi, kusini na kidogo mashariki. La 46 vile vile. La 12, lililo mbali kabisa na mto, vile vile.

"Kumbe yote yamehama," Mokami alisema. "Mbona wenzetu wa huko juu hawakulalamika?"

"Mistari yao imeangukia kwenye mashamba mengine. Mtu akiona mistari juu ya mahindi, anaridhika. Ninyi wa mtoni ndio mmeangukia porini." Agustina alisogeza kiti. "Yakihama yote, upande mmoja na umbali mmoja, kosa si la shamba. Kosa ni la mfumo wa koodineti."

"Hapo umenipoteza."

"Koodineti ni namba zinazosema mahali fulani pako wapi. Mama, baba mkwe wako alikuwa na wake wangapi?"

Mokami alishangaa swali hilo, lakini alijibu. "Wawili. Kila mmoja na nyumba yake."

"Sasa mzee akikuambia, jembe liko hatua hamsini kutoka mlangoni, utafanya nini?"

"Nitamuuliza, mlango wa nani? Wa mama mkubwa au wa mama mdogo?"

"Ndiyo hivyo. Hatua ni zile zile hamsini, lakini mlango ukiwa mwingine, jembe hulioni. Namba za ramani nazo zina milango miwili. Ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilihesabiwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu, pamoja na picha hii ya angani, zinafuata mfumo wa setilaiti, unaoitwa WGS 84. Ukichanganya, hapa kwetu unapotea mita kama mia tatu."

Mokami alianza kuona mwanga. Agustina aliandika kitu kwenye kompyuta. "Haya mashamba yameandikwa Arc 1960. Naiambia kompyuta iyabadilishe yawe WGS 84."

Walisubiri. Mistari haikusogea hata kidogo. Agustina alikunja uso, akarudia. Namba za 47 zilibadilika, lakini shamba lilibaki porini.

"Sasa na mimi nimechanganyikiwa," Agustina alisema. Mwanga wa Mokami ukazimika.

Mokami aliifikiria tena ile milango miwili. "Mwanangu," alisema mwishowe, "namba zetu zilihesabiwa kutoka mlango gani?"

"Zimeandikwa Arc 1960."

"Siulizi zilivyoandikwa. Nauliza zilivyopimwa. Mimi nilikuwepo. Yule kijana alitembea kwenye mikonge na simu, mimi nikamshikia karatasi."

Agustina aliacha kuandika. "Simu tu? Hakuwa na kifaa kingine?"

"Simu tu. Tena iliisha chaji, akaichaji kwa Waitara."

Agustina aliomba karatasi za upimaji. Heche alizitoa kabatini. Kwenye nafasi ya mfumo wa koodineti hapakuwa na neno hata moja. Nafasi ilikuwa wazi kwenye karatasi zote.

"Mfanyakazi wa mradi alikuta nafasi wazi, akajaza alichozoea," Agustina alisema polepole. "Namba ni za simu, jina ni la mfumo wa zamani. Kompyuta iliamini jina. Ikazisogeza namba ambazo hazikuhitaji kusogezwa. Na mimi nilipoiambia ibadilishe, ilitafsiri kwa uaminifu mahali pabaya. Dawa si kuhamisha mashamba. Dawa ni kusahihisha jina."

"Utajuaje kwamba hukosei tena?"

"Tutapima kitu kisichohama."

Walikwenda kwenye pampu ya kisima, mbele ya ofisi. Agustina alisoma namba kwenye simu, akaziingiza kwenye kompyuta. Kwanza aliziita Arc 1960, na pampu ikaangukia mita mia tatu na kumi kusini. Kisha akaziita WGS 84. Alama ikatua juu ya pampu, pale penye kivuli cha bomba lake.

Waliporudi ofisini, Agustina alihifadhi kwanza nakala ya namba za awali. Halafu alisahihisha jina la mfumo, bila kugusa namba zenyewe. Mistari yote ikapanda kaskazini kwa pamoja. Namba 47 ilivuka mto, ikalizunguka bati la Mokami na zizi lake. Mokami alilia, na hakujali kwamba Heche anamwona.

Ramani mpya ilibandikwa siku ya tisa. Mogesi aliisoma mwanzo mpaka mwisho. Kisha alikwenda kwa Waitara, akasema, "Nilikukosea." Waitara alimjibu kwamba mikonge ikikaa juani siku nyingi inakauka, kwa hiyo waende wakaipande. Waliipanda wote wawili.

Mwezi uliofuata watu waliitwa kuweka sahihi kwenye hati. Foleni ilikuwa ndefu. Mogesi aliweka sahihi haraka, akampa mke wake kalamu. Mokami hakuandika. Alipitisha kidole kwenye majina, lake na la mumewe, kisha kwenye namba za pembe nne za shamba. Alitafuta juu, akatafuta chini.

"Mama Irine, watu wanasubiri," Heche alisema.

"Mtendaji, namba nimeziona. Jina la mfumo liko wapi?"

Heche aliichukua hati, akaisoma, akaigeuza. Halikuwepo. Alitazama rundo la hati zilizobaki mezani, na foleni ikaanza kunung'unika. Mokami aliweka kalamu mezani, akakunja mikono, akangoja.

Heche alimpigia Agustina simu. Hati zote zilirudishwa, zikachapwa upya, na wiki moja baadaye watu walipanga foleni tena. Safari hii, juu ya namba palikuwa na maneno WGS 84. Mokami aliyasoma kwa sauti. Kisha aliweka sahihi, akaenda kupalilia mtama kwenye shamba namba 47, ambalo siku zote hizo halikuwa limekwenda popote.